Mgonjwa amebadilika: barua ya wazi kwa wanaosimamia huduma za uzazi na upasuaji

Kwa Waziri wa Afya, Waziri wa Nchi mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mganga Mkuu wa Serikali, Waganga Wakuu wa Mikoa na Halmashauri, pamoja na Waganga Wafawidhi wa hospitali na vituo vyote vya afya vyenye chumba cha upasuaji.

Yah: Kutambua mapema na kuitikia kwa wakati mabadiliko ya hali ya mama aliyejifungua na mgonjwa aliyetoka kufanyiwa upasuaji

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Ninaandika nikiwa muuguzi mkunga mwenye miaka kumi na tisa kazini, ambayo mingi nimeitumikia katika wodi za wazazi na wodi za upasuaji za hospitali za wilaya, hasa katika zamu za usiku. Hospitali nilizofanyia kazi sitazitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza hayakuwa ya hospitali moja, na wenzangu wa mikoa mingine tukikutana kwenye mafunzo huyasimulia karibu kwa maneno yaleyale. Ninaloomba ni hili: mama aliyejifungua au mgonjwa aliyetoka kupasuliwa anapobadilika hali, uwepo utaratibu unaomlazimu mtu mwenye uwezo wa kumwokoa aitike ndani ya muda unaojulikana, ili muuguzi aliyetoa taarifa asibaki peke yake na namba alizoandika kwenye faili.

Yaliyofanyika nayaona na ninayashukuru. Utafiti wa Taifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakadiria 104. Katika kipindi hicho akina mama wanaojifungulia katika vituo vya kutolea huduma walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81, na waliojifungua kwa upasuaji kutoka asilimia 6 hadi 11. Sisi tuliowahi kumpokea mama aliyeletwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe tunajua maana ya namba 115 ya m-mama, ambayo mtu akiipiga usiku gari hutafutwa na mgonjwa akafikishwa. Hata hivyo takwimu hizohizo zina upande ambao hausemwi sana vikaoni, kwamba akina mama wengi zaidi sasa wanapasuliwa, tena wengi wao katika vituo ambavyo miaka michache iliyopita havikuwa na chumba cha upasuaji, na kila upasuaji hudai angalau saa 24 za uangalizi wa karibu ambazo hazikujengewa jengo wala kuajiriwa mtu. Chumba cha upasuaji huzinduliwa kwa utepe na hotuba, lakini wodi anakopelekwa mgonjwa akitoka humo hubaki ileile, na muuguzi wa usiku ni yuleyule mmoja.

Katika saa hizo ndimo tunamowapoteza wagonjwa. Utafiti mkubwa wa matokeo ya upasuaji barani Afrika uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 katika nchi 25, ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alipata madhara baada ya upasuaji, na kwamba kati ya vifo 239 vilivyotokea, 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji kupita. Maana yake ni kwamba mgonjwa alitoka salama mezani, ndugu wakaambiwa kazi imekwenda vizuri, kisha akafia kitandani. Uchambuzi wa akina mama waliojifungua kwa upasuaji katika utafiti huohuo, uliotolewa mwaka 2019, ulikuta vifo 20 kati ya akina mama 3,684, kiwango ambacho ni takribani mara hamsini ya kile cha nchi tajiri.

Niruhusuni nieleze usiku mmoja, kwa sababu takwimu hazionyeshi jinsi jambo hili linavyotokea. Mama wa miaka 24, uzao wake wa pili, alipasuliwa saa tatu usiku baada ya mapigo ya mtoto kushuka. Aliletwa wodini saa nne na nusu akiwa na mtoto mzima anayelia vizuri, dripu ikienda na mpira wa mkojo ukiwa umewekwa. Wodini kulikuwa na akina mama thelathini na mmoja, wengine wawiliwawili kitanda kimoja, pamoja na watoto wao, na muuguzi mmoja. Saa sita mapigo yake ya moyo yalikuwa 96 na presha 110/70. Saa saba mapigo yalifika 112, na presha ilikuwa vilevile. Nguo ya chini ilikuwa kavu, na hilo lilimtuliza muuguzi. Mama mkwe wake, aliyekuwa ameketi sakafuni juu ya mkeka, akasema: "Mwanangu sista, huyu anaomba maji kila mara, na miguu yake imekuwa ya baridi. Mimi simwelewi." Muuguzi akampigia daktari wa zamu, akaelekezwa aongeze dripu na kwamba mgonjwa ataonwa kwenye raundi ya asubuhi. Saa nane na nusu mapigo yalikuwa 124, tumbo limeanza kukaza, na mkojo kwenye mfuko ulikuwa kidogo na mweusi kama chai ya rangi. Simu ikapigwa tena, haikupokelewa. Kulikuwa na daktari bingwa aliyekuwa akiishi umbali wa dakika kumi, lakini wiki mbili kabla ya hapo muuguzi mwingine alikuwa amefokewa mbele ya watu wote kwenye ripoti ya asubuhi kwa "kuruka ngazi", na namba ya bingwa yule haikupigwa. Saa kumi mapigo yalikuwa 138 na presha 80/50. Alirudishwa mezani karibu na saa kumi na moja, na ndani ya tumbo kulikutwa damu inayokadiriwa kuwa lita mbili. Mji wa mimba uliondolewa, damu ikatafutwa kwa ndugu na kwa wanafunzi wa chuo jirani, naye akapona.

Muuguzi wa zamu usiku ule nilikuwa mimi. Daktari yule simlaumu, maana alikuwa mezani tangu asubuhi ya jana yake na hakuwa na wa kumpokea. Ninachotaka mkione ni kwamba hakuna dalili iliyofichika. Kila kitu kilionekana, kikaandikwa kwa saa yake, na mtu asiyejua kusoma alikisema kwa Kiswahili fasaha zaidi ya faili langu. Kilichokosekana ni cha kumfanya mtu aje. Na kwa kuwa mama yule hakufa, faili lake halikujadiliwa popote, kwa sababu kamati yetu ilikuwa ikipitia vifo tu, na katika taarifa ya mwezi alihesabiwa pamoja na waliojifungua salama, ilhali ana miaka 24 na hatazaa tena.

Mama aliyetoka kujifungua ana tabia ya mwili ambayo kila daktari mpya na muuguzi mpya anapaswa kuielewa kabla ya kuachiwa wodi. Wakati wa ujauzito damu ya mwanamke huongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, na kwa kuwa mara nyingi ni kijana mwenye moyo wenye nguvu, anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku presha ikisomeka vizuri. Kinachoanza kubadilika ni mapigo ya moyo na kasi ya kuhema, kisha ubaridi wa mikono na miguu, mkojo kupungua na mgonjwa kukosa utulivu, na presha ndiyo ya mwisho. Anayesubiri presha ishuke ndipo aite msaada amesubiri mpaka mwili umeshindwa. Wakunga wazee walinifundisha kanuni rahisi isiyohitaji kikokotoo, nayo inakubaliana na sayansi: linganisha mapigo na presha ya juu, na mapigo yakikaribia kuifikia tayari kuna hatari, yakiipita mgonjwa yuko katika mshtuko hata kama anazungumza nawe. Mama yule, saa saba, alikuwa na mapigo 112 juu ya presha 110.

Lazima pia niseme jambo ambalo sisi wauguzi hatupendi lisemwe. Fungueni mafaili ya wodi nyingi na mtakuta ukurasa wa uangalizi umejazwa presha 110/70, mapigo 80, joto 36.8, saa mbili, saa nne, saa sita, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, hadi asubuhi. Namba hizo hazikupimwa. Zimeandikwa kwa sababu mkaguzi hutazama kama ukurasa umejaa, na kwa sababu muuguzi mwenye wagonjwa thelathini na kipimo kimoja cha presha chenye mkanda unaovuja hawezi kupima kila baada ya dakika kumi na tano hata akikimbia usiku kucha. Nimewahi kuzijaza hivyo nami, na ninaliungama. Kasi ya kuhema, ambayo ndiyo huonyesha mapema kwamba maambukizi yameingia kwenye damu, karibu kila mahali huandikwa 20, kwa kuwa kuihesabu kunataka dakika nzima ya kusimama kimya mbele ya mgonjwa mmoja. Kuongeza fomu nyingine hakutaponya hilo. Kutaponywa na uamuzi wa nani apimwe zaidi: aliyepasuliwa, aliyetokwa na damu, mwenye presha ya mimba na mwenye homa walazwe pamoja karibu na meza ya muuguzi, wapimwe mara nyingi na kwa ukweli, na aliyejifungua kawaida bila tatizo apimwe mara chache. Kuvisogeza vitanda hakuhitaji bajeti.

Kwamba kutambua na kuitikia vikifungwa pamoja vinaokoa maisha, tumelishuhudia humuhumu nchini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, zilizoshiriki utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa mwaka 2023, wenye hospitali 80 na akina mama zaidi ya 200,000. Badala ya kukisia damu kwa macho, mkunga aliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo. Damu ikifika mililita 500, au ikifika 300 huku mapigo au presha si ya kawaida, hakungojea kauli ya mtu. Alianza yote kwa pamoja: kuukanda mji wa mimba, dawa ya kuukaza, traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikatike), dripu, na kuchunguza damu inatoka wapi, huku akiita msaada zaidi kama haikukatika. Kutokwa na damu kulitambuliwa kwa asilimia 93 ya akina mama waliotokwa, dhidi ya asilimia 51 katika hospitali zilizoendelea kama zamani, na kutokwa na damu kwa kiwango cha kutisha, kupasuliwa tumbo au kufa kwa sababu hiyo kulipungua kwa asilimia 60. Nguvu ya utaratibu huo, kwa maoni yangu, iko katika ile alama ya mfuko, kwa kuwa ikifikiwa inampa mkunga ruhusa ya kutenda na inamwondolea hofu ya kuulizwa kwa nini hakuomba ruhusa.

Linganisheni na utafiti mwingine wa Afrika uliochapishwa mwaka 2021, uliojaribu kuongeza uangalizi kwa wagonjwa wa upasuaji walioonekana kuwa katika hatari kubwa katika hospitali zaidi ya 300. Wagonjwa walitambuliwa, wakasogezwa karibu, wakapimwa mara nyingi zaidi, lakini vifo havikupungua kwa kiwango cha kuthibitishika. Wengine wameusoma utafiti huo kama ushahidi kwamba uangalizi hausaidii. Mimi niliyekaa wodini nausoma kwamba macho peke yake hayatoshi pale ambapo mtu wa kuitwa, damu na chumba cha upasuaji havipatikani usiku huo.

Kwa hiyo naomba kila hospitali na kila kituo chenye chumba cha upasuaji kiwe na amri ya maandishi, iliyosainiwa na Mganga Mfawidhi na kubandikwa ukutani, inayotaja namba za kuita msaada: mapigo kiasi gani, presha kiasi gani, kuhema mara ngapi, mkojo kiasi gani kwa saa. Pembeni ya namba hizo liwepo jina la anayepigiwa usiku huo, dakika anazopewa kufika kitandani, na jina la anayefuata asipopatikana, hadi kwa Mganga Mfawidhi mwenyewe na kwa bingwa wa hospitali ya rufaa ya mkoa. Amri hiyo iseme wazi kwamba muuguzi au mkunga yeyote, hata aliyeajiriwa jana, akipiga simu kwa kufuata namba hizo hataitwa mrukaji wa ngazi, na kwamba kuongezewa dripu kwa simu si kuonwa. Iseme pia kwamba neno la ndugu wa mgonjwa, "simwelewi" au "amebadilika", ni sababu ya kumpima upya papo hapo na kuandika jibu. Ndugu hawahesabu mapigo, lakini wanamjua mtu wao, na mara nyingi wao ndio pekee walio macho kando ya kitanda saa nane usiku. Simu ya wodi nayo iwe na salio. Inasikitisha kulazimika kuliandika hili, lakini wauguzi wengi wanaita madaktari kwa vocha zao wenyewe.

Kuhusu vifaa nitakuwa mfupi, kwa kuwa mnayo maombi yetu mezani. Oksitosini, dawa ya kuukaza mji wa mimba, ikitunzwa nje ya nyuzi 2 hadi 8 hupoteza nguvu, na mkunga anayeichoma asubuhi ya joto baada ya friji kuzimika usiku anadhani ametibu. Traneksamiki inatakiwa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takribani asilimia 10, hivyo mahali pake ni kwenye trei ya dharura ndani ya wodi, wala isifungiwe stoo ambayo funguo zake amezibeba mtu aliyelala nyumbani. Magnesiamu kwa mwenye dalili za kifafa cha mimba ni vivyo hivyo, tukikumbuka kwamba kifafa hicho kinaweza kuanza hata baada ya mtoto kuzaliwa. Na damu: kituo kinachopasua akina mama bila damu ya kundi O hasi na O chanya kwenye jokofu kinafanya upasuaji huo kwa kubahatisha, na anayekipa kibali anapaswa kulijua hilo anaposaini.

Mafunzo nayo yabadilike. Katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, hospitali 30 zilishiriki mpango ulioongozwa na watafiti wa Hospitali ya Haydom, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, kwa kutumia vifaa vya kuigizia, wakiongozwa na wenzao wa hospitali ileile. Vifo vya watoto wachanga vilipungua kwa kiasi kikubwa, na vifo vya akina mama vilivyorekodiwa vilishuka kwa takribani robo tatu. Sisi wengine tunapelekwa hotelini kwa siku tano mara moja katika miaka mitatu, anakwenda mmoja kwa niaba ya wote, na anarudi na cheti na mkoba. Dakika kumi za kila wiki, daktari, muuguzi, mtu wa maabara na mhudumu wakiigiza pamoja usiku wa mama anayetokwa na damu, zingewafundisha pia kujibizana bila woga, jambo ambalo hakuna mada ya darasani inayolifundisha.

Lipo pia suala la mama aliyeruhusiwa. Wodi ikijaa, aliyepasuliwa huondoka mapema, na homa, usaha kwenye kidonda au maumivu ya tumbo humkuta nyumbani siku ya tano au ya saba. Akirudi hupangishwa foleni ya wagonjwa wa nje pamoja na wenye mafua, au huambiwa alipie kadi kwanza, kwa sababu tumbo la mimba halionekani tena na hakuna anayemuuliza kama amejifungua karibuni. Naomba swali hilo liulizwe getini kwa kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa anayekuja na homa, kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana au kushindwa kupumua, na aliyejifungua ndani ya siku 42 apelekwe moja kwa moja wodi ya wazazi, apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kabla ya majadiliano ya malipo.

Vikao vya mapitio navyo vipitie walionusurika, kila mwezi, angalau mmoja, wakianza na swali la saa: dalili ya kwanza iliandikwa saa ngapi, na mtu mwenye uwezo wa kumtibu alifika saa ngapi. Mkitumia vikao hivyo kutafuta wa kuadhibu, tutaendelea kuandika 110/70.

Ombi langu la mwisho ni jepesi kutekeleza. Kabla mwezi huu haujaisha, kila Mganga Mfawidhi aingie wodini mwake saa nane usiku bila kutoa taarifa, achukue faili la mama aliyepasuliwa jioni ile, ahesabu mwenyewe mapigo na kuhema kwa dakika nzima, na alinganishe na kilichoandikwa. Kisha amwombe muuguzi wa zamu apige simu ya dharura kama ambavyo angeipiga mgonjwa akibadilika, na akae hapo kitandani, saa ikiwa mkononi, mpaka anayeitwa afike. Dakika atakazozihesabu azipeleke kwa Mganga Mkuu wa Mkoa kwa maandishi, na Mganga Mkuu wa Mkoa azilete kwenu.

Wenu katika huduma,

Muuguzi mkunga wa zamu ya usiku